Kuoka Matufaha Bila Kuyageuza Kuwa Sukari Tupu: Mwongozo Kamili

Mama yangu alipotoka kulazwa hospitalini, alikuja kukaa nasi hapa Nakuru kwa wiki tano. Wageni hawakukatika mlangoni. Na kwetu mtu haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu: huyu analeta machungwa, yule mkate na maziwa, na anayetaka kuonekana amejitahidi analeta matufaha. Kufikia wiki ya pili tulikuwa na matufaha ishirini na kitu mezani, na mama hana meno ya mbele ya kuyauma. Aliyatazama yakinyauka mpaka siku moja akaniuliza, "Sasa haya mliniletea niyatazame?"

Ndivyo nilivyoanza kuyaoka. Tatizo ni kwamba mama ana kisukari, na karibu kila maelekezo niliyoyapata yalitaka kikombe kizima cha sukari na siagi ya kukaangia mandazi ya harusi. Halafu chini yake mwandishi anakusifia nyuzinyuzi na vitamini za tufaha! Mimi naona hivi: faida za tufaha ni za tufaha. Ukilizamisha kwenye sukari na siagi, unachokula ni sukari na siagi yenye harufu ya tunda. Kwa hiyo mapishi yote mawili nitakayoeleza hapa yamepimwa kwa swali moja: je, kilichojaa kwenye sahani ni tufaha?

Tufaha lipi la kununua

Neno lenyewe kwanza. Ukimtajia mtu wa Mombasa tufaha au tofaa, huenda akafikiria lile tunda la pwani lenye nyama nyepesi na harufu kama ya waridi. Ninalozungumzia hapa ni hili la dukani, ambalo wachuuzi wa stendi hulifuta kwa kitambaa likang'aa kama kiatu cha Jumapili.

Mengi ya haya yanayouzwa mjini hutoka Afrika Kusini. Kule msimu mkubwa wa mavuno ni kati ya Februari na Mei, kisha matunda hukaa kwenye maghala ya baridi na kutolewa kidogokidogo mwaka mzima. Ndiyo sababu tufaha la Novemba linaweza kuwa zuri kwa nje, ukilikata likawa ungaunga. Libonyeze kwa kidole gumba karibu na kikonyo. Likiwa gumu, linafaa kuokwa zima. Likibonyea, likate vipande kwa pishi la pili, wala usione hasara.

Granny Smith, lile la kijani lenye uchachu, ndilo ninalolipenda kuliko yote jikoni. Asili yake ni Australia, ambako mama mmoja aliyeitwa Maria Ann Smith aliukuta mche wake shambani kwake miaka ya 1860. Hata likiiva kabisa, halivunjiki. Golden Delicious, la manjano, nalo hushika umbo vizuri, na utamu wake unatosha bila kuongezwa chochote. Royal Gala ni dogo, lapatikana kila kona, na linafaa zaidi likikatwa. Red Delicious, lile jekundu la kupendeza, ukilioka linakuwa kama bandeji iliyoloweshwa: ganda nene, nyama laini isiyo na ladha. Bila shaka ndilo wageni wengi walilotuletea.

Yapo pia matufaha ya humu nchini. Wakulima wa nyanda za juu hupanda aina kama Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorset Golden, iliyotoka Bahamas, kwa sababu hizi hazihitaji baridi kali ya miezi mingi ndipo zichanue. Mara nyingi hupandwa pamoja ili zichavushane. Ukibahatika kuyapata, chukua. Huwa madogo, wakati mwingine yana makovu, lakini ni mabichi kweli, na kwa kuoka kovu halina neno.

Usikwepe yale yaliyopata jeraha dogo. Jioni, wachuuzi wanapofunga, hupunguza bei ya matunda yenye alama. Kata sehemu iliyobonyea, iliyobaki ni nzima. Ila lenye ukungu, au lenye harufu ya pombe katikati, litupe lote.

Kuhusu ule mng'ao: tufaha lina nta yake ya asili, na mengi ya kuagizwa hupakwa nyingine baada ya kuoshwa ili yasinyauke. Nta hizo zinaruhusiwa kuliwa. Lakini kwa kuwa tutaoka na ganda lake, lisugue kwa mikono kwenye maji ya uvuguvugu kisha ulifute kwa kitambaa safi. Sabuni haihitajiki.

Moto, na jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii

Tufaha langu la kwanza nililioka dakika 30 kama nilivyosoma. Nje lilikuwa limekunjamana, ndani bado ni gumu. Nikaongeza moto. Likapasuka, maji yake yakamwagika kwenye trei na kuungua, na nyumba ikanuka sukari ya kuungua siku nzima.

Ilinichukua muda kuelewa kosa liko wapi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Tufaha ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo nyama yake haiwezi kupanda joto kupita hapo hata oveni ikiwa digrii 200. Ukiongeza moto, unachoma ganda tu. Ndani hakuendi haraka. Dawa ni muda na mvuke, yaani oveni ya digrii 180, maji kidogo chini ya trei, na kifuniko kwa nusu ya kwanza. Maelekezo yanayosema dakika 30, mimi huhesabu 45 mpaka 50. Ndugu yangu aliye Kisumu, ambako ni kama mita 1,130 tu, hutoa yake dakika kumi mapema. Aliye Molo au Timboroa, ambako ni juu zaidi, avute subira zaidi.

Asiye na oveni asikate tamaa, kwa sababu tufaha halina tabia ngumu kama keki. Halihitaji kuumuka. Tafuta sufuria nzito kubwa yenye mfuniko unaokaa sawasawa. Tandaza mchanga mkavu uliooshwa, kimo cha vidole viwili, au panga mawe matatu bapa. Funika, weka kwenye moto mdogo wa gesi au kwenye jiko la makaa kwa dakika 15 mpaka ndani kupate joto la kutosha. Kisha weka bakuli au sufuria ndogo yenye matufaha juu ya mawe, funika, na kama ni makaa, hamisha mengi yaende juu ya mfuniko na uache machache chini. Wanaooka keki za jiko wanaijua kanuni hii: moto wa chini huunguza, wa juu huivisha. Hesabu saa nzima, na usifunue kila dakika tano kuchungulia, maana kila ukifunua unatoa joto ulilolikusanya. Makaa yawe nje au kwenye varanda. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila mwaka wapo wanaolala nao chumba kimoja wasiamke.

Jambo dogo kuhusu chombo. Sufuria ya kawaida ya alumini ikikaa na tufaha chachu kwa muda mrefu, ladha huweza kuwa ya chuma. Bakuli la kioo la kuokea, la udongo au la enameli ni bora. Kama huna, tandika karatasi ya kuokea ndani ya sufuria.

Pishi la kwanza: tufaha zima la kuoka

Hili ndilo ninalompikia mama. Kwa watu wanne unahitaji:

- matufaha 4 ya wastani, magumu
- vijiko 2 vikubwa vya njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa kidogo
- vijiko 2 vikubwa vya zabibu kavu, au tende 3 zilizokatwakatwa
- nusu kijiko cha chai cha mdalasini wa unga
- iliki 3, zitwange mbegu zake
- vijiko 4 vya chai vya siagi, kimoja kwa kila tufaha
- nusu kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari, au maji ya moto
- kipande cha limau

Sukari hamna, wala sikuisahau.

1. Loweka zabibu kavu kwenye chai ya rangi ya moto kwa dakika kumi. Zikivimba, zichuje, lakini hiyo chai usiimwage. Zabibu zisizolowekwa hugeuka vijiwe vyeusi ndani ya oveni.

2. Osha matufaha. Kwa kisu kidogo chenye ncha, chonga kuanzia kwenye kikonyo ukizunguka, utoe sehemu ngumu yote yenye mbegu. Simama ukibakiza kama sentimita moja chini. Hapa ndipo wengi hukosea, wanatoboa mpaka ng'ambo, na kila kitu kitamu kinatiririka kwenye trei. Ukitoboa kwa bahati mbaya, ziba kwa kile kipande cha juu ulichokitoa. Mbegu zitupe. Zina kitu ambacho zikitafunwa hutoa sianidi. Moja mbili ulizomeza nzima hazitakudhuru, ila hakuna sababu ya kuzipika.

3. Kwa ncha ya kisu, chora mstari mwembamba kwenye ganda, ukizunguka tufaha katikati kama mshipi. Mvuke utapata pa kutokea na ganda halitapasuka ovyo. Mstari huu ndio ungeiokoa ile trei yangu ya kwanza.

4. Paka limau ndani ya shimo. Changanya njugu, zabibu, mdalasini na iliki, jaza mashimo ukishindilia kwa kidole, na uweke siagi juu.

5. Yapange kwenye bakuli yakiegemeana. Mimina ile chai chini yake. Funika kwa foili.

6. Oka kwa digrii 180 dakika 25. Toa foili, chota mchuzi uliotoka uumwagie juu, kisha rudisha bila kufunika kwa dakika nyingine 20 hadi 25.

7. Choma kwa kisu chembamba. Kikiingia bila kusukumwa, limeiva. Liache lipoe dakika kumi; shimo lile lina mafuta na utamu wa moto, na limeunguza ulimi wa watu wasio na subira nyumbani kwangu, mimi nikiwa wa kwanza.

Wengine watauliza asali. Asali ya Baringo ni nzuri, nami ninayo kabatini, lakini tusidanganyane: kijiko kimoja kikubwa cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, na Shirika la Afya Duniani huihesabu asali pamoja na sukari ya dukani. Sukari iliyo ndani ya tunda zima haimo katika hesabu hiyo. Ukitaka kuongeza, ongeza kijiko cha chai, si kikubwa, na uweke mwishoni ukiwa umeshaonja. Mara nyingi utagundua hukihitaji. Tufaha likiokwa hupoteza maji, na utamu wake unajikusanya.

Cha kuteremshia, badala ya krimu, weka vijiko viwili vya maziwa lala (mala) ya baridi pembeni. Uchachu wa mala na joto la tufaha ni kitu kimoja ambacho sijawahi kumwona mtu akibakiza.

Pishi la pili: matufaha yenye chenga za wimbi

Mama aliponiona natia unga wa wimbi kwenye kitamutamu alisimama mlangoni wa jikoni. "Wimbi ni la ugali na busaa," alisema. "Hiyo nyingine ni michezo." Alikula sahani mbili.

Waingereza hufunika matufaha kwa chenga za unga wa ngano, siagi na sukari, kisha huoka mpaka juu kukauke. Nikaona kama kazi ya unga ni kukauka na kutafunika tu, kwa nini isiwe wimbi? Magharibi mwa Kenya tunalo, lina nyuzinyuzi, na gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikaribii. Pia halina gluteni. Kasoro yake ni kwamba likiwa peke yake huwa kama mchanga mdomoni, kwa hiyo lichanganye na kitu chenye vipande.

Kwa watu sita, chukua matufaha matano au sita, hata yale laini. Yaoshe, toa mbegu, acha ganda, kata vipande vya unene wa sentimita moja. Vyembamba zaidi ya hapo vitayeyuka. Vipake maji ya nusu limau, kijiko cha chai cha mdalasini, na tangawizi mbichi iliyokunwa, kiasi cha ncha ya kidole. Vitandaze kwenye bakuli la kuokea. Kama matufaha yako ni chachu sana, katia ndizi mbivu moja katikati yake. Inafanya kazi ya sukari na hakuna atakayeijua.

Chenga sasa. Nusu kikombe cha unga wa wimbi, nusu kikombe cha shayiri bapa (oats) ya kupikia uji wa asubuhi, nusu kikombe cha njugu zilizopondwa zikabaki vipande, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Ndiyo, hapa ninatumia sukari, maana bila hiyo chenga hazikauki wala hazipati rangi. Vijiko viwili ni gramu 25 hivi. Ukigawa kwa watu sita kila mtu amepata kama kijiko kimoja cha chai, chini ya kile wengi wanachotia kwenye kikombe kimoja cha chai ya saa nne. Sukari nguru ya kusaga inanoga zaidi kwa harufu yake ya moshi, ila isikuhadae rangi yake: mwilini ni sukari vilevile.

Ongeza vijiko vinne vikubwa vya siagi iliyotoka kwenye friji, iliyokatwa vipande. Isugue kwenye unga kwa ncha za vidole, si kwa viganja, mpaka ufanane na makombo makubwa ya mkate. Viganja vina joto. Siagi ikiyeyuka utapata bonge. Mkiwa Kisumu mchana wa Februari, fanya kazi hii asubuhi au weka bakuli juu ya maji baridi. Wimbi halina mnato wa ngano, kwa hiyo zikigoma kushikana nyunyiza kijiko kimoja cha maji baridi.

Mwaga chenga juu ya matufaha bila kuzishindilia. Oka digrii 180 kwa dakika 40 hadi 45. Wimbi ni jeusi tangu mwanzo, kwa hiyo rangi haitakuambia kitu. Sikiliza na unuse: pembeni mchuzi utakuwa ukitokota kwa mapovu mazito, na njugu zitakuwa zimetoa harufu ya kukaangwa. Wenye jiko la makaa, hakikisheni makaa ya juu ni mengi, vinginevyo mtakula matufaha ya kuchemsha yenye uji juu.

Pai sitaieleza. Ni tamu, lakini lile ganda la pai lina siagi nyingi, na huwezi kulipunguzia siagi bila kuliharibu. Pika siku ya sherehe, ule kama sherehe, na usiipe sifa ya dawa.

Faida: ipi ni ya kweli

Tufaha moja la wastani, kama gramu 180 na ganda lake, lina takriban kalori 95, gramu 25 za wanga, ambazo 19 ni sukari ya asili, na gramu 4 na kitu za nyuzinyuzi. Likimenywa, nyuzinyuzi hupungua karibu nusu. Ukiona maelekezo yanakuambia "menya matufaha" kisha yanakusifia nyuzinyuzi, jua mwandishi ametupa mali kwenye ndoo ya takataka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa hiyo tufaha moja si haba.

Sehemu ya nyuzinyuzi hizo ni pektini, ile inayofanya jemu kuganda. Tumboni huwa kama utelezi mzito. Hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na hunasa asidi za nyongo zikatoka nazo. Mwili unalazimika kutumia lehemu yake, yaani kolesteroli, kutengeneza nyongo nyingine. Hapo ndipo habari za tufaha na kolesteroli zinapotoka. Utafiti mmoja uliochapishwa 2020 uliwapa watu 40 wenye kolesteroli ya juu kiasi matufaha mawili kila siku kwa wiki nane, na ikashuka, lakini kidogo. Yalikuwa matufaha mabichi, si ya kuoka. Anayekuambia uache vidonge vya daktari kwa sababu ya tufaha la kuoka anakutafutia msiba.

Kuoka hakuondoi pektini. Hulainisha na kuifanya iyeyuke kwa urahisi zaidi. Kwa mzee asiye na meno, au mtu anayepata nafuu baada ya kuumwa, hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, nayo haimo kwenye orodha za kemikali: anaweza kula tunda. Mama alikuwa ameacha matunda yote magumu. Tufaha la kuoka lilimrudishia moja, na choo chake, kilichokuwa kigumu kwa dawa na kulala sana, kikalainika. Nasema lililotokea kwetu, si ahadi kwa kila mtu.

Kisha kuna vile vitu vya mimea vinavyoitwa polifenoli, kikiwemo kwesetini, ambavyo vimejaa zaidi kwenye ganda. Sababu nyingine ya kutomenya.

Vitamini C ndiyo sifa ya uongo. Tufaha bichi lote zima lina kama miligramu 8 tu, na moto wa dakika 45 unazipunguza. Mapera ya nyuma ya nyumba, yale ambayo watoto huyala wakishindana na tumbiri, yana zaidi ya miligramu 200 kwa kila gramu 100, na nyuzinyuzi zaidi ya tufaha pia. Ukitaka vitamini C, nenda kwenye mpera. Sifichi kwamba kwa bei ya matufaha mawili unapata mapera ya kujaza bakuli. Tufaha lina lake, yaani kuokeka. Pera ukilioka, utakaa unachagua mbegu.

Na mdalasini? Unatoa harufu tamu inayokufanya usitafute sukari, na hilo latosha kuupenda. Madai kwamba unatibu kisukari hayana msingi wa kutegemewa. Mdalasini mwingi wa madukani ni wa aina iitwayo kasia, wenye kitu kiitwacho kumarini ambacho kikizidi kila siku kinaweza kuumiza ini. Nusu kijiko cha chai kwenye sahani za watu wanne si tatizo. Kijiko kizima kila asubuhi, kama wengine wanavyoshauriana, sikubaliani nacho.

Mtu mwenye kisukari, na wengine wa kuangaliwa

Tufaha la kuoka lisilo na sukari bado lina wanga gramu 25 hivi, bila kuhesabu zabibu au tende za ndani. Mama halili juu ya ugali na chapati; hula badala ya sehemu yake. Siku ya tufaha, kipande cha ugali kinapungua. Tulipoanza tulipima damu kabla ya kula na saa mbili baadaye, tukaandika kwenye daftari, na daftari hilo akaenda nalo kliniki. Kila mwili una majibu yake, na kipimo ndicho kinachojua.

Usiliponde likawa rojo ukadhani ni sawa. Mwaka 1977 watafiti waliwapa watu kumi matufaha mazima, kisha ya kupondwa, kisha juisi. Juisi ilimezwa mara 11 upesi kuliko matunda mazima, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko yote. Ya kupondwa yalikaa katikati. Mpe mtu kijiko, ale polepole, amegue na ganda.

Wenye tumbo linalojaa gesi upesi wajaribu nusu kwanza, kwa kuwa tufaha lina fruktosi na sorbitoli ambazo matumbo mengine hayazipendi. Kinyume chake, wapo ambao tufaha bichi huwawasha midomo na koo lakini la kuoka hawalihisi, kwa kuwa protini inayowawasha huharibika kwa moto. Ikiwa uliwahi kuvimba au kubanwa pumzi, usijaribu bila daktari. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Mdogo aliye chini ya miaka minne asipewe njugu nzima wala vipande. Kwake jaza tufaha kwa ndizi. Na mgeni akija, uliza kuhusu njugu kabla ya kumwekea sahani.

Kilichobaki

Usiache mezani zaidi ya saa mbili. Kwenye friji, ndani ya chombo kilichofunikwa, tufaha la kuoka hukaa siku tatu au nne, na kesho yake hunoga zaidi kwa sababu viungo vimeingia. Pasha na kijiko cha maji, likiwa limefunikwa, moto mdogo. Chenga zikishalainika kwenye friji hazirudi tena kwa mvuke. Zirudishe kwenye oveni dakika kumi au zigeuze kwenye kikaango kikavu. Asiye na friji aoke ya siku hiyo tu.

Mchuzi unaobaki chini ya bakuli usiuoshe. Unapopoa hugandagana kidogo, hiyo ndiyo pektini yenyewe. Mimi huuchanganya kwenye uji wa wimbi asubuhi. Watoto wanapouliza kwa nini uji wa leo hauna sukari na bado ni mtamu, kukhu wao, yaani nyanya yao, huwajibu kwamba ameutia siri, nami namwachia sifa hiyo.